Mbolea ya Ng'ombe wa Mahari

Nilirudi kwa baba na begi moja, sufuria moja, na jino la mbele lililokuwa likicheza. Sufuria niliibeba kwa sababu niliinunua mwenyewe. Jino nalo lilikuwa langu, ingawa mume wangu alilishughulikia kana kwamba lilikuwa sehemu ya mahari. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na huku kwetu, kwenye vilima vya chai juu ya Litein, msichana aliyeolewa akirudi kwao watu hawamfukuzi. Wana adabu zao. Wanamuuliza tu, kwa upole, amekuja kukaa siku ngapi. Niliulizwa na majirani, nikaulizwa na mke wa kaka yangu, hata mwenye duka niliyekwenda kununua chumvi kwake aliniuliza. Nilimwambia anipimie chumvi ya mwaka mzima.

Mama hakuuliza. Alinitazama mdomo, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha mursik, yale maziwa yetu ya kwenye kibuyu, kwa kuwa hayahitaji kutafunwa. Baba alikuwa ameketi nje na redio yake. Aliniuliza, "Umekuja kutusalimia?" Nikasema, "Nimekuja." Akasema, "Vizuri," akaongeza sauti ya redio. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote ya mwezi ule.

Sikumlaumu sana, maana alikuwa na shida ya kweli, na shida yenyewe ilikuwa na kwato ishirini na nne. Ndani ya boma letu walikuwemo ng'ombe sita walioletwa na watu wa mume wangu kunioa. Kwetu, ng'ombe wa mahari wakishaingia bomani, habari imekwisha: mke harudi na ng'ombe hawarudi. Hakuna aliyewahi kuona vinginevyo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Baba hakuwa na ng'ombe wengine. Wake wote waliisha mmoja mmoja kwa karo ya kaka yangu, ambaye alisoma hadi akarudi nyumbani kuchuma chai pale pale alipokuwa akiichuma kabla hajasoma. Kila asubuhi nilipokwenda kukamua, wale sita walinitazama, nami nikawatazama. Kati yetu, mmoja alikuwa mahali pasipo pake, na kijiji kizima kilijua ni nani.

Kwa hiyo mjue tangu mwanzo nilichokuwa nakitafuta. Sikutafuta utajiri. Nilitafuta mahali pa kukaa bila kuulizwa siku ngapi.

Kaka yangu huyo mkubwa alikuwa na nyumba yake upande wa juu, penye chai nzuri. Alinihurumia sana. Alisema, "Dada, hiyo nyumba unayolala inavuja, utapata shida." Nikamwambia asante, shida nimeizoea, tena hiyo ya kuvujiwa haina mikono.

Halafu, mwezi wa pili, baba alifanya jambo la ajabu. Aliniita, akanitembeza hadi chini karibu na kijito, akanyoosha fimbo yake. "Hizi laini kumi na mbili za chai, chukua," akasema. "Chuma, upeleke kituoni kwa jina la mama yako. Ukiziweza, ni zako." Kaka alikuwa amesimama nyuma yetu. Alicheka kidogo, akaziba kicheko kwa kiganja, nami nikadhani ni wivu. Nani aliwahi kusikia binti amepewa chai, tena binti aliyerudi? Nililia. Naandika hivi bila aibu: nililia, nikamwambia mama kwamba ukiunganisha Kericho na Bomet hutapata mwanamume mwingine kama baba yangu. Mama alisema, "Mh." Nilipaswa kuisikiliza ile "mh" vizuri zaidi.

Chai yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa mgonjwa. Laini za kaka zilikuwa za kijani cha kuumiza macho. Zangu zilikuwa na rangi ya ndizi iliyoanza kuiva. Karani wa kituo cha kununua majani alikuwa akiyapindua majani yangu kwa kidole kimoja, uso ameukunja, huku majani ya wengine akiyamwaga kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, hii chai ina njaa tu. Na mbolea ya gunia ilipokuja, yote ilipanda juu kwa kaka, kwa sababu, alivyonieleza, huwezi kumlisha mgonjwa kabla ya mzima. Sijui alisomea wapi udaktari huo.

Ndipo kanisani ikatangazwa kwamba bwana shamba anakuja kufundisha kutengeneza mbolea kwa takataka za nyumbani, bure kabisa. Neno hilo la mwisho mzee wa kanisa alilirudia.

Bwana shamba alikuja Jumamosi, shati jeupe, viatu vinang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu hapo. Kwenye viti vya mbele walikaa wanaume, ambao hawajagusa mavi ya ng'ombe tangu watahiriwe. Nyuma, juu ya nyasi, tulikaa sisi wanawake, ambao tumeyagusa asubuhi hiyo hiyo. Lakini kazi yake aliijua, sitamsingizia. Alionyesha namna ya kupanga lundo: chini mabua ya mahindi, halafu majani mabichi, halafu maganda na masalio ya jikoni, halafu mavi, halafu jivu la kunyunyiza, halafu udongo, halafu unaanza tena. Unamwagia maji, unafunika, unachomeka fimbo ndefu hadi ndani. Baada ya siku kadhaa unaichomoa. Ikiwa moto, lundo linaiva; ikiwa baridi, umekusanya takataka tu. Nilimeza kila neno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia mtu aliyesoma akisema kwamba kitu kilichotupwa kina kazi.

Hapo ndipo mzee wa kanisa alipopiga makofi. "Akina mama! Mgeni hajanywa chai!"

Tukainuka. Ungefanya nini? Mgeni ni mgeni. Tukaenda kukoroga chai, kukata mikate, kuosha vikombe ambavyo wiki iliyopita tuliviosha. Tuliporudi na birika, wanaume walikuwa wakipiga makofi na mtu alikuwa ameanza sala ya kufunga. Nilimvuta kaka pembeni nikamuuliza bwana shamba amesema nini tulipokuwa jikoni. Kaka akasema, "Ah, ya kumalizia tu." Nikaridhika. Mtu akikaa kwenye kiti anaonekana kama anayesikiliza.

Nilianza Jumatatu. Takataka za nyumbani kwetu hazikutosha, maana mama hatupi kitu, hata maji ya kuoshea mchele ana mtu wa kumpa. Nikaenda Litein, kwenye hoteli moja ya mama Mkikuyu aliyehamia kutoka Central, nikamwomba maganda ya viazi na machicha ya chai. Alinitazama juu hadi chini. "Ngai! Unafuga nguruwe?" Nikamwambia hapana, ninalisha chai. Akacheka hadi akashika meza, lakini alinipa, na kila siku ya soko akaniwekea gunia. Fikiria mwenyewe: sisi tunachuma majani, kiwanda kinayasaga, hoteli inayachemsha, halafu mimi nayabeba machicha yake mgongoni kupanda mlima kuyarudisha shambani yalikotoka. Njiani watu walinisalimia kwa sauti ya matanga. "Binti ya mzee anaokota takataka. Woi, ndoa ni kitu kibaya."

Nyumbani niliweka madebe mawili. Moja la vitu vinavyooza, moja la visivyooza. Niliwaeleza watu wote, mmoja mmoja, pamoja na kaka. Mama alishika siku ile ile. Kaka, msomi, alitupa betri za redio na nyembe kwenye debe la maganda, na wembe mmoja ukanifungua kidole hadi nikaona cheupe. Sikupiga kelele. Nilikusanya betri zake, nyembe zake, majuala yake ya plastiki na soksi moja iliyokufa siku nyingi, na Jumapili asubuhi nikaviacha mbele ya mlango wake, nimevipanga vizuri kwa safu, ili avikanyage akitoka na suti yake ya kanisani. Alivikanyaga. Kuanzia siku hiyo madebe yaliheshimiwa.

Mavi niliyapata bomani. Hapo nikawa rafiki wa wale sita. Nilikuwa nakwenda asubuhi na mapema na karai, nakusanya kila kitu kikiwa bado kinafuka, nawaambia asante. Walitolewa ili mimi niondoke, sasa walikuwa wakifanya kazi ili nibaki. Mmoja, mwenye paji jeupe, alikuwa akinipa mengi kuliko wote, na mpaka leo sijamsahau.

Jivu nalo! Bwana shamba alisema kunyunyiza. Mimi nilikuwa na hamu, na mtu mwenye hamu hanyunyizi. Nilitoa jivu la meko ya mama, la mke wa kaka, la majirani wanne waliofurahi kunisaidia mradi nisikae kwao sana. Pale pa kiganja nikaweka debe. Lundo likapanda hadi kifuani kwangu. Fimbo niliyoichomoa siku ya tano ilinichoma mkono, nikaruka pale kwa furaha, peke yangu, mwanamke mzima. Nililigeuza mara tatu. Miezi mitatu baadaye mboji ilikuwa nyeusi, laini, inanukia msitu. Nikaibeba kwa wilbaro, nikailisha chai yangu, laini zote kumi na mbili, shina kwa shina. Nilikuwa naongea nayo kama mtu anayemlisha mtoto uji. Halafu nikakaa kungoja shukrani.

Shukrani zilikuja na mvua za masika. Majani yaliyokuwa na rangi ya ndizi iliyoanza kuiva yakawa na rangi ya ndizi iliyoiva kabisa. Kisha yakaanza kudondoka. Kwa laini za katikati vilibaki vijiti. Kaka alikuja kutazama, mikono nyuma, mdomo ameukaza kwa huzuni. "Dada," akasema, "chai hupikwa baada ya kufika kiwandani." Neno hilo lilisafiri. Nililikuta Litein kabla sijafika. Nililikuta kanisani. Nilikwenda kwa kinyozi kumchukua mtoto wa kaka, nikalikuta na huko, limeketi kwenye kiti, linanyolewa.

Nilimwendea bwana shamba ofisini kwake. Sikwenda kwa heshima, nilikwenda kugombana. Aliona uso wangu, akachukua pikipiki bila kubisha, akaja. Viatu ni vile vile. Baba alishuka kutazama, na kaka, na wanaume wawili watatu ambao kazi zao ziliisha ghafla.

"Uliweka jivu?" bwana shamba akauliza.

"Uliniambia niweke jivu."

"La mahindi! La mboga! Si nilisema? Mboji ya chai haiwekwi jivu. Chai inataka udongo mchachu, na jivu linaua uchachu. Nilisema mara mbili."

"Ulisema saa ngapi?"

Akafikiri. "Karibu na mwisho. Kabla ya chai."

Niliwageukia wanaume wetu. Wote walikuwa wanaangalia juu, kama watu wanaotarajia ndege. Wote walisikia, mara mbili, na wote walinitazama nikipita na madebe ya jivu mwezi mzima, wakiniambia kazi njema. Niliwauliza kama kuna aliyekuwa bubu siku zile, apone tumshukuru Mungu.

Lakini bwana shamba alikuwa hajamaliza. Aliomba jembe, akachimba mahali ambapo mboji yangu haikufika, akachimba tena kando. Akaokota kipande cha mkaa mkuukuu, halafu kigae cha chungu. "Hii chai iliugua kabla yako, mama," akasema. "Nani alikaa hapa?"

Baba alichora udongo kwa ncha ya fimbo yake. Mwishowe baba akasema, "Mama yangu."

Nyumba ya kogo, nyanya yangu, ilikuwa pale. Maisha yake yote alikuwa akitupa jivu la meko yake upande ule wa chini, na alipokufa nyumba ikabomolewa ikapandwa chai. Bwana shamba akatikisa kichwa. "Hapa chai haitamea hata mkipandiwa na malaika. Mmejaribu mara ngapi?"

"Tatu," baba akasema, na akanikwepa macho.

Nilingoja mgeni aondoke. Kiliondoka kile kikundi cha watazama ndege pia. Baba alikuwa anafunga ua wa boma, nikamfuata huko huko, nikasimama mbele yake ili asipate pa kuangalia.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Na ukanipa."

Alikata kamba kwa meno. "Nilifikiri utachoka msimu mmoja, urudi kwako."

"Kwangu ni wapi?"

Waswahili walisema akufukuzaye hakwambii toka. Baba yangu alikuwa fundi kuwazidi hao: aliniambia chukua. Na mimi nikalia kwa furaha, nikamsifu wilaya mbili! Siku ile nilimchukia. Nasema nilimchukia, na si neno ninalolipenda kuhusu mtu aliyenizaa. Mume wangu angalau alikuwa ananipiga mbele, ninamwona.

Nililala na hasira, nikaamka nayo, na kwa kuwa hasira ni nguvu na nguvu ni mali, nikachukua jembe na panga nikashuka kung'oa chai. Kaka alikuja mbio, koti limeangukia bega moja. "Umekuwa wazimu? Kung'oa chai ni kesi! Utafungwa!"

"Nenda ukaniripoti," nikasema. "Labda jela watanipa laini za kijani."

Shina la chai haling'oki kwa maneno. Mizizi yake inashuka chini kama inatafuta jamaa. Siku ya kwanza niliweza matano, mikono ikapasuka. Siku ya tatu, niliposikia hatua nyuma yangu, niligeuka tayari kumtukana mtu, nikamkuta mama, leso kiunoni, panga mkononi. Akaanza kukata mizizi upande wake. Tulifanya kazi hiyo wiki tatu, na katika wiki tatu hizo mama aliniambia jambo moja tu la maana: kwamba kogo alipokuwa hai, maboga yalikuwa yakijiotea yenyewe pale kwenye jivu lake, na hakuna aliyeyapanda.

Basi nikapanda maboga. Nikapanda na mboga: managu, sukuma wiki, na saga pembeni. Na sasa sikilizeni kituko cha dunia. Lile jivu lililoua chai yangu, pamoja na mboji yangu ya maganda na machicha na mavi ya wale sita, liliziinua mboga zile hadi nikaogopa. Managu yalinifika kiunoni. Majani ya sukuma ungeweza kumfunika mtoto. Mama wa hoteli aliniambia nisiuzie mtu mwingine, nikamwambia tutaona. Nilikuwa nashuka Litein na gunia la mboga, napanda na gunia la maganda, na salamu za njiani zikabadilika sauti. Wale wanaume wa viti vya mbele wakaanza kuwatuma wake zao na vikapu waombe mboji kidogo tu, ya kujaribu. Niliwapa. Lakini kwanza niliwakalisha wanawake wale chini, nikawaeleza kila kitu hadi mwisho, na chai nikawapa baadaye.

Baba alikula managu yangu bila neno, akaongeza, akala tena bila neno. Wakati mwingine nilimwona kwa mbali akisimama penye lundo, akiichomoa ile fimbo, akiishika kwa kiganja, kisha akiirudisha na kuondoka upesi kama mtu aliyeiba. Sikumsamehe. Nilimwongezea managu tu.

Watu wa mume wangu walikuja mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Wazee wanne, makoti mazito, wametoka upande wa Silibwet kwa gari hadi barabarani. Mume wangu hakuwemo. Walisema ana kazi. Mama alipika, nami nikapakua: ugali, maziwa, na managu ya shambani kwangu. Walikula, wakasifu mboga, wakauliza habari za mvua. Halafu msemaji wao, mjomba wa mume wangu, akapangusa mdomo.

"Mzee, tumekuja kuulizia mtu wetu."

"Mtu wenu yuko," baba akasema.

"Amekaa sana. Tunamtaka. Au kama mtu hatoki," akacheka, "basi tupeni ng'ombe wetu twende."

Wote wakacheka. Baba akatabasamu. Kaka akacheka kuliko wote. Ni maneno ya kusemwa tu hayo, yanasemwa kila nyumba, ili mwenye binti aone haya, akohoe, amwite binti na begi lake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na masikio yote niliyopewa na Mungu. Nilijua yanayofuata. Nilianza hata kuwaza nitampa nani lile lundo lililokuwa likiiva.

Baba akaniita. Nikaenda, nikasimama.

"Unataka kurudi?" akaniuliza.

Katika maisha yangu yote baba yangu alikuwa hajaniuliza swali ambalo alikuwa anangoja jibu lake. Mimi, mwenye jibu la kila mtu, mwenye maneno ya dukani na ya shambani, nilitafuta la kusema nikapata moja.

"Sitaki."

"Basi," akasema. Akachukua fimbo yake, akatoka. Tulifikiri ameenda msalani. Mjomba aliomba chai zaidi. Kisha tukasikia miti ya lango la boma ikitolewa, mmoja, wa pili, wa tatu, na tulipotoka nje ng'ombe walikuwa wamesimama uani, wote sita, wakishangaa jua.

"Mzee!" Mjomba alikuwa na kikombe mkononi bado. "Mzee, sisi tulikuwa tunaongea tu."

"Hata mimi naongea," baba akasema, na akamgusa mwenye paji jeupe kiunoni kwa fimbo.

Kaka alipiga mayowe. Alisema watu watatucheka hadi Chepseon. Alisema wale walikuwa urithi wake, wanawe watakunywa nini, baba atabaki na nini, mzee bila ng'ombe ni mzee gani. Na katika hili la mwisho hakusema uongo. Kwetu hata mimi nilikuwa sijaona mzee wa namna hiyo. Baba alimwambia, bila kugeuka, "Wako uliwasoma."

Wale wazee wanne waliokuja kwa gari wakaondoka kwa miguu, na makoti yao, safari ya siku mbili kwa mwendo wa ng'ombe. Hawakuweza kukataa walichokiomba wenyewe. Ng'ombe hawakutaka kwenda. Walikuwa wakigeuka, wakirudi, hata ikabidi baba awasindikize hadi kwenye kona, akiwaita mmoja mmoja kwa majina aliyowapa yeye. Ndama aliyezaliwa kwetu alimfuata mama yake, na baba hakumzuia.

Alirudi peke yake, polepole. Nilikuwa nimesimama bomani. Nilitaka kumwambia nimemsamehe, lakini haikuwa kweli yote. Nilitaka kumwomba msamaha, na hiyo nayo haikuwa kweli yote. Alipita karibu yangu, akasimama, akaangalia chini mahali ambapo ng'ombe walikuwa wamelala.

"Sasa," akasema, "mavi utatoa wapi?"

Nilianza kulia. Na yeye, kwa kuwa hakuwahi kujua la kufanya na mwanamke anayelia, akainama, akaokota miti ya lango, akaanza kuirudisha mahali pake mmoja mmoja, akaifunga kwa kamba, ingawa ndani hakukuwa na kitu.